Jaji wa Mlimani aliyerudi kutoka Berlin

Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, Ubungo, hufundishwa mapema kupekua HCD, vitabu vya muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu. Ukishika juzuu za mwishoni mwa miaka ya 1960 unakutana na majina yale yale ya majaji: Georges, Biron, Seaton, Platt, Saidi. Kesi zenyewe ni za maisha ya kawaida, wizi, mashamba, ajali za barabarani. Na mara kwa mara, mwishoni mwa muhtasari, linatokea jina jingine fupi: Cross, J.

Robo karne kabla ya kuandika hukumu hizo, jaji huyo alikuwa amekaa gizani ndani ya ndege ya mbao juu ya anga ya Ujerumani, penseli mkononi na ramani magotini, akihesabu dakika zilizobaki kabla ya kudondosha mabomu. Alifanya hivyo mara 80. Vijana wengi waliokwenda naye vitani hawakufika hata safari ya kumi.

Jina lake kamili ni Philip Louis Ulric Cross. Alizaliwa tarehe 1 Mei 1917 katika kitongoji cha Belmont, mjini Port of Spain, Trinidad, kwenye familia ya watoto tisa. Akiwa na miaka 11 alishinda nafasi ya serikali ya kusoma sekondari, akiongoza kisiwa kizima. Kisha mama yake akafariki, na yule mtoto aliyekuwa wa kwanza akapoteza hamu ya masomo. Alipomaliza shule alifanya kazi kwenye gazeti la Trinidad Guardian, kwa wakili mmoja, na baadaye kwenye shirika la reli la serikali. Kijana wa ofisini, basi, kama walivyokuwa maelfu ya vijana wa makoloni waliosoma kiasi cha kutosha kuona mbali lakini wakakosa pa kwenda.

Mwaka 1941 alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Alikuwa na miaka 24. Sababu aliyoitoa hata uzeeni haikuwa na utata: ufashisti ulikuwa unaizamisha dunia, Marekani ilikuwa haijaingia vitani, naye hakutaka kukaa pembeni. Aliongeza, kwa uaminifu unaopendeza, kwamba alikuwa kijana na alitamani pia kuona mambo.

Miaka miwili tu kabla ya hapo asingekubaliwa. Kanuni za RAF zilitaka ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya tupu. Kizuizi hicho kiliondolewa Oktoba 1939, kwa muda wa vita. Vita vya angani vilihitaji vijana wengi, na hesabu yao ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna maisha na vifo vya kizazi kizima.

Kikosi Kikuu cha Ndege za Mabomu cha Uingereza kilitumia takriban vijana 125,000 angani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waliokufa ni 55,573. Katika kila vijana 100, basi, 44 waliuawa, na hapo hujahesabu karibu 10,000 walioishia mateka na zaidi ya 8,000 waliojeruhiwa. Wengi walikuwa na miaka 22 au 23, wengine 19. Na wote walijitolea. Hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege. Ukiandikishwa jeshini kwa lazima ungeweza kupelekwa kwenye meli au kwenye mitaro, lakini kuruka uliomba mwenyewe.

Zamu moja ilikuwa safari 30. Ukizimaliza ulipumzishwa, ukawa mwalimu wa wengine kwa miezi kadhaa. Katika miezi mibaya, kila ndege 100 zilizoondoka jioni, tano hazikurudi. Tano katika mia haitishi ukiisikia mara moja. Irudie mara 30, na utagundua kwamba kati ya vijana 100 walioanza zamu pamoja, wanaotarajiwa kuimaliza ni kama 21. Vijana wenyewe walikuwa wasomi wa hesabu. Waliijua hesabu hiyo na hawakuisema kwa sauti.

Siku yao ilianza kwa uvivu. Asubuhi jina linabandikwa ubaoni: leo unaruka. Mchana wanaingia kwenye chumba chenye ramani kubwa iliyofunikwa kwa pazia. Pazia linafunuliwa, na uzi mwekundu unaonyesha njia hadi mji wa usiku huo. Uzi ukiishia Ufaransa watu hushusha pumzi. Ukiishia Berlin chumba kinanyamaza. Kisha wanapewa mlo wenye mayai, kitu adimu Uingereza ya wakati wa mgao, na mzaha wa kambi ulikuwa kumwomba jirani yai lake la kesho iwapo hatarudi. Wanavaa nguo za manyoya, wanachukua parachuti, na kila mmoja anatia mfukoni hirizi yake: skafu ya mchumba, mguu wa sungura, sarafu. Kabla ya kupanda, desturi ilikuwa kukojolea gurudumu la nyuma la ndege kwa bahati njema. Watu walioamini rula na jedwali la hesabu mchana kutwa hawakuthubutu kuiacha desturi hiyo jioni.

Ndege kubwa ya usiku, Lancaster, ilichukua watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Yule wa mkiani alikaa peke yake kwenye kibanda cha vioo kwa saa saba au nane, baridi ikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, akitazama giza. Ndege ya adui ikija, mara nyingi ilikuja kwake kwanza. Chini, kurunzi kubwa zilifagia mawingu. Ikikunasa moja zinakukimbilia nyingine kumi, na mizinga yote ya mji inajua ulipo. Ndege ikishika moto, mlango wa dharura wa Lancaster ulikuwa mwembamba kwa mtu aliyevaa parachuti. Wengi waliungua au walianguka nayo.

Asubuhi yake, wahudumu wa kambi waliingia vyumbani kabla wengine hawajaamka. Nguo, barua na picha za aliyepotea zilifungwa kwenye sanduku. Waliangalia pia barua zisizofaa kusomwa na mzazi au mke, wakazitoa. Shuka zilibadilishwa. Jioni mgeni alilala kitanda kile kile, naye hakuuliza. Nyumbani ilifika simu ya maandishi: mwanao hajarudi. Neno hilo "hajarudi" lilikaa miezi, wakati mwingine miaka. Zaidi ya majina 20,000 ya wanajeshi wa anga wasio na kaburi linalojulikana yamechongwa kwenye mnara wa Runnymede, karibu na mto Thames.

Na aliyeshindwa kuendelea? Jeshi halikuwa na huruma naye. Kijana aliyefikisha safari 15 au 20 kisha akasema siwezi tena alipigwa mhuri kwenye faili kwamba amekosa ujasiri, akavuliwa beji ya mabawa, akahamishwa kimyakimya ili asiwaambukize wengine. Leo daktari angemwita mgonjwa. Wakati ule alionekana mwoga, ingawa alikuwa amekwenda Ujerumani mara nyingi kuliko makamanda waliomhukumu.

Mwongoza njia alikuwa na kazi ambayo haionekani kwenye filamu. Hakuna satelaiti, hakuna taa chini, maana miji yote ilizimwa. Ana ramani, saa, dira na kasi ya ndege. Upepo usioonekana unamsukuma kando kwa kilomita 80 au 100 kwa saa, na yeye anapaswa kuukisia, kuukagua na kuukisia upya kila baada ya dakika chache. Akikosea kwa nyuzi chache, ndege yake haiupati mji, au inapita peke yake juu ya mizinga ambayo wenzake waliikwepa. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1979 wana mfano wao wa jambo hilo. Katika vita vya Kagera, Libya ilituma ndege ya mabomu aina ya Tu-22 kuilipua bohari ya mafuta ya Mwanza ili kumwokoa Idi Amin. Iliikosa bohari, ikapiga hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, na waliokufa walikuwa swala.

Cross alifunzwa kazi hiyo ya mwongoza njia. Akiwa ofisa mpya alipangiwa Kikosi namba 139, kilichoitwa kikosi cha Jamaika. Jina hilo lililipiwa: mwaka 1940 gazeti la Gleaner la Kingston liliwachangisha wananchi kununua ndege za mabomu, na watu wa kisiwa maskini wakatoa fedha za kutosha mpaka kikosi kizima kikabeba jina lao. Kikosi cha Jamaika, lakini kijana wa Karibi ndani yake alikuwa mmoja, naye si Mjamaika.

Walirusha Mosquito, ndege iliyopewa jina la mbu na iliyostahili kuitwa hivyo. Mwili wake ulikuwa mbao za plaiwudi zilizounganishwa kwa gundi, injini mbili za Rolls-Royce, watu wawili tu, rubani kushoto na mwongoza njia kulia nyuma kidogo, mabega yakigusana. Aina ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Silaha yake ilikuwa mbio, zaidi ya kilomita 600 kwa saa, na kupaa juu ambako wengi hawakufika. Wakubwa wa jeshi hawakuiamini mwanzoni. Mwisho wa vita ndiyo iliyokuwa imepoteza watu wachache kuliko ndege zote za mabomu za Uingereza, na hapo pana sehemu ya jibu la swali la kwa nini Cross aliishi.

Sehemu tu, maana Mosquito nazo zilitunguliwa. Tarehe 30 Januari 1943, Wanazi walipokuwa wakiadhimisha miaka kumi ya kushika madaraka, Mosquito ziliipiga Berlin mchana kweupe kwa mara ya kwanza, saa zile zile ambazo vigogo wao, Göring asubuhi na Goebbels alasiri, walipangiwa kuhutubia redioni. Ndege tatu za alasiri zilikuwa za Kikosi 139. Mbili zilirudi. Ya tatu ilitunguliwa, na Donald Darling na mwongoza njia wake William Wright wakafa. Magazeti ya London yalicheka sana kuhusu hotuba ya Göring iliyocheleweshwa. Wale wawili walipata mistari michache.

Kuanzia katikati ya 1943 kikosi hicho kiliingia kwenye kundi la Pathfinder, watangulizi. Kazi yao ilikuwa kufika kwanza, kuangusha fataki za rangi juu ya shabaha, ili mamia ya ndege za nyuma zijue pa kumwaga mabomu. Maana yake ni kufika mjini wakati mizinga haijachoka. Cross alikwenda Berlin mara nyingi. Safari moja injini iliharibiwa juu ya Ujerumani. Wakateremka, wakajikokota na injini moja iliyobaki hadi Uingereza, wakatua kwa kuanguka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wote wawili walitoka wazima.

Alipofikisha safari 30 aliambiwa apumzike. Akakataa. Alipofikisha 50 aliambiwa tena, na bado akaomba kuendelea. Alifikia 80, akatunukiwa nishani ya DFC mwaka 1944 na baada yake DSO, na akapanda hadi cheo cha Squadron Leader, kinacholingana na meja. Ni vigumu kusema kama huo ulikuwa ushujaa, ukaidi au ile hali ya mtu ambaye hawezi tena kuwazia maisha bila safari ya usiku. Yawezekana vyote vitatu.

Wenzake wa rangi moja hawakuwa na bahati hiyo. Cy Grant wa Guyana, mwongoza njia pia, alitunguliwa juu ya Uholanzi Juni 1943 ndani ya Lancaster. Wawili katika ndege yake walikufa, na mabaki yalipoanguka kwenye shamba la Nieuw-Vennep yalimwua mke wa mkulima. Mtoto wa miaka 11, Joost Klootwijk, aliliona tukio hilo, na alipokuwa mtu mzima akatafuta miaka mingi kujua walikuwa akina nani. Grant alikaa kambi ya mateka hadi mwisho wa vita. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, alitunguliwa Novemba mwaka huo huo, akiwa na vyuma vya risasi mwilini. Alijificha kwenye banda, Wajerumani wakalimiminia risasi, akajisalimisha. Askari waliomkamata walimkodolea macho: ofisa mweusi wa Uingereza hakuwa kwenye hesabu zao.

Usiku mbaya kuliko wote ulikuja tarehe 30 Machi 1944. Ndege 795 ziliondoka kwenda Nuremberg chini ya mwezi mwangavu. Hazikurudi 95. Usiku mmoja uliwaua vijana zaidi ya 500, na mji wenyewe uliguswa kidogo tu.

Kuna upande wa pili, na makala inayowalilia marubani bila kuutaja ingekuwa ya uongo. Mabomu yale yalianguka juu ya watu. Mwishoni mwa Julai 1943, moto uliozuka Hamburg baada ya mashambulizi ya mfululizo uliwaua watu wanaokaribia 40,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Hilo ndilo lililofanya Uingereza yenyewe iwaonee haya vijana wake baada ya vita. Waliopigana Afrika Kaskazini na Normandy walipata nishani za kampeni zao. Wa ndege za mabomu walipewa kipande chao mwaka 2013, na mnara wao wa Green Park, London, ulizinduliwa na Malkia Elizabeth Juni 2012. Wakati huo wengi wa waliosalia walikuwa na zaidi ya miaka 85. Kuwalaumu wao na kuwaacha waliochora uzi mwekundu ni haki ya ajabu.

Je, kijana wa Dar es Salaam angeweza kuwa kwenye ndege hizo? Mweupe, ndiyo. Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini hapa vita vilipoanza. Novemba 1939 alikwenda Nairobi kujiandikisha RAF. Yeye alirusha ndege za kupambana, si za mabomu, lakini hesabu ilikuwa ile ile: walikuwa 16 katika kundi lake la mafunzo, wakabaki hai watatu. Kijana mweusi wa Tanganyika alipelekwa Keya, jeshi la kikoloni la askari wa Kiafrika, au kwenye vikosi vya kubeba mizigo na kuendesha malori. Takriban watu 87,000 wa Tanganyika walitumika hivyo, kutoka Uhabeshi na Madagaska hadi misitu ya Burma. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga shule chache kiasi kwamba ni wachache mno wangeweza kufikia hesabu za mwongoza njia.

Vita vilipokwisha, waongoza njia hawa walifanya jambo linaloshangaza kwa kurudiwarudiwa kwake: walisoma sheria. Smythe akawa wakili, baadaye Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Grant alihitimu uwakili, ingawa aliishia kuwa mwigizaji na mwimbaji. Errol Barrow wa Barbados, aliyeruka safari zaidi ya 40, akawa wakili na kisha Waziri Mkuu aliyeipatia nchi yake uhuru. Kwa Cross mlango ulifunguliwa jeshini kwenyewe. Alipewa kazi ya kuwasemea wanajeshi wa RAF waliotoka makoloni, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye mahakama za kijeshi ambako askari weusi walishtakiwa. Huko aliona jinsi ambavyo mtu aliyekwenda kupigania uhuru wa wengine anaweza kuhukumiwa kwa rangi yake. Mwaka 1949 alihitimu uwakili London.

Mmoja wa kundi hilo aliitangulia njia ya Tanganyika. Dudley Thompson wa Jamaika aliingia RAF, kwa maelezo yake mwenyewe, baada ya kusoma kitabu cha Hitler na kukuta namna kilivyowatukana watu weusi. Baada ya ndege za mabomu alisoma Oxford, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuja kufanya uwakili Moshi, ambako alikuwapo pia Earle Seaton wa Bermuda, yule aliyewasaidia Wameru kupeleka shauri la ardhi yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Jomo Kenyatta alipokamatwa, Thompson alikuwa miongoni mwa waliohangaika kukusanya mawakili wa kumtetea Kapenguria. Serikali ya Kiingereza ilimtunuku kwa kuilipua Ujerumani. Miaka kumi baadaye ilimtazama kwa jicho baya kwa kumtetea Mkikuyu.

Cross alifanya kazi BBC kwa miaka kadhaa, kisha Ghana ya Nkrumah ikamwita mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa wakili wa serikali huko, halafu Mwanasheria Mkuu wa Cameroon Magharibi. Mwaka 1967 alifika Dar es Salaam kuwa Jaji wa Mahakama Kuu.

Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Benki zilikuwa zimetaifishwa Februari, na nchi ilikuwa na wanasheria wazalendo wachache mno kwa majukumu iliyojitwika. Jaji Mkuu alikuwa Telford Georges, mzaliwa wa Dominica aliyefanya uwakili Trinidad. Seaton alikuwa jaji. Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia kule Mlimani. Karibi ndogo ilikuwa imehamia pwani yetu bila kelele. Cross aliongoza pia chombo cha kudumu cha kuamua migogoro ya kazi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka huo huo, na akawa profesa na mkuu wa Kitivo cha Sheria.

Kitivo hicho kilikuwa kimeanza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15 kutoka nchi tatu za Afrika Mashariki. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, wakati Ubungo bado ni pembezoni mwa mji, mashamba na pori likianzia hapo hapo. Daraja la Kijazi, mwendokasi wa Kimara na msongamano wa Mlimani City vilikuwa mbali sana. Vijana wa zama za Cross waligombana usiku kucha juu ya ujamaa na ubeberu. Miongoni mwa waliosoma sheria hapo miaka ile ni Issa Shivji na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa baadaye wa Kenya. Chuo chenyewe kiligeuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tarehe 1 Julai 1970.

Mwaka 1971 Georges aliondoka, na Augustino Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania. Mwaka huo huo Cross alirudi Trinidad, akawa jaji wa Mahakama Kuu, kisha wa Rufaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 balozi wa nchi yake London. Ken Follett alimchukua kuwa kielelezo cha mhusika mmoja wa riwaya yake Hornet Flight, na maisha yake yakatengenezewa filamu, HERO, na mwongozaji Frances-Anne Solomon. Mwaka 2011 Trinidad na Tobago ilikipa kituo chake cha kijeshi cha anga cha Piarco jina la Ulric Cross.

Alifariki Port of Spain tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na miaka 96. Aliishi miaka 70 zaidi ya Darling na Wright.

Waliofundishwa na Cross kati ya 1967 na 1971 leo wanakaribia miaka 80 au wameivuka, na wengine bado wako Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Shule Kuu ya Sheria, kitivo kile cha zamani, ina wanafunzi wenye simu za kurekodi na juzuu za HCD kwenye rafu. Wawatafute wazee hao mwaka huu, wawaulize yule profesa wa Trinidad alifundisha vipi na alisema nini kuhusu vita, wakati bado wapo wa kujibu.